Kuhamisha picha za wagonjwa kutoka tepu hadi diski: hatua kwa hatua kwa hospitali zetu

Mzee mmoja kutoka Ahero aliletwa na mwanawe hospitalini Kisumu, kikohozi kimemganda miezi miwili. CT skani ikaonyesha kivimbe kidogo kwenye pafu la kulia. Daktari wa radiolojia akauliza swali moja: hiki kivimbe ni cha juzi au ni cha zamani? Swali lilikuwa na uzito wake, kwa sababu kivimbe kigumu ambacho hakijaongezeka kwa miaka miwili mara nyingi si saratani, na mzee angeweza kurudi nyumbani bila kuchomwa sindano kifuani. Tulijua alishapigwa CT hapo hapo miaka kadhaa nyuma. Picha ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya tepu, tepu ndani ya kabati, kabati hatua kumi kutoka tuliposimama. Mashine ya kuisoma ndiyo iliyokuwa imekufa mwaka uliotangulia, na hakuna aliyeona haraka ya kutafuta nyingine.

"Kwa hivyo, daktari, picha ya baba imepotea?" mwanawe akaniuliza. Mimi ni mtu wa kompyuta, lakini hospitalini kila mwenye beji huitwa daktari. Nikamjibu kwamba haijapotea, ila hatuwezi kuifungua. Alinyamaza, akalitazama lile kabati. Mzee akachomwa sindano, majibu yakatoka mema, lakini siku tisa walizokaa wakiyangoja hakuna aliyewarudishia.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya wenzangu wa IT na maradiografa wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Kisii na kwingineko ambako kabati kama lile bado limefungwa. Jambo moja lishikeni mapema: kunakili ni sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kuthibitisha kwamba kila picha imefika nzima, na imefika kwa mwenyewe.

Hatua ya 1: Anza na daftari

Toa tepu zote mezani, uzihesabu, na uandike kila moja: lebo yake, msimbo pau, kizazi, na hali yake kwa macho. Nyingi utakazokuta ni za aina ya LTO, kasha la plastiki linalotosha kiganjani, ndani yake utepe wa upana wa nusu inchi. Kizazi huandikwa kwenye kasha au mwishoni mwa msimbo pau: L3, L4, L5. LTO-3 hubeba gigabaiti 400, LTO-4 gigabaiti 800, LTO-5 terabaiti 1.5. Kuna namba nyingine kubwa zaidi iliyochapishwa kando, usiitumie kwenye hesabu. Hiyo ni ya data inayobanika vizuri, na picha ambazo PACS (mfumo wa hospitali wa kuhifadhi na kuonyesha picha) ilishazibana hazibaniki mara ya pili.

Tuseme una tepu 90 za LTO-3. Zikiwa zimejaa, hiyo ni terabaiti 36. Andika hiyo namba juu ya ukurasa wa kwanza, maana itaamua ununuzi wote unaofuata.

Hali ya tepu inategemea ulipo. Kisumu hewa ya ziwa ina unyevu, na kabati lisilo na AC hufuga kuvu. Ukiona unga mweupe au madoa kando ya utepe, tenga tepu hiyo, usiiingize kwenye draivu (mashine ya kusoma tepu) hata kwa kujaribu, kwa sababu uchafu utahamia kwenye kichwa cha kusomea na kutoka hapo kwenda kwa tepu zote zinazofuata. Nakuru shida ni vumbi la kiangazi. Futa kasha kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi kabla ya kuliingiza kwenye draivu. Tepu iliyokaa mahali penye joto au baridi tofauti iweke ndani ya chumba cha kusomea kwa saa 24 kwanza.

Halafu, kwenye ukingo wa kila kasha kuna kitufe kidogo cha kusukumwa kwa ukucha. Kisukume hadi alama ya kufuli ionekane. Kuanzia hapo draivu itasoma tu, haiwezi kuandika. Tepu zote, bila kuruka hata moja, kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akikosea amri saa nne usiku, kitufe hicho ndicho kitakachoziokoa picha.

Hatua ya 2: Ikamate hifadhidata ya zamani kabla haijauzwa kwa kilo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watu wakiumia zaidi.

Tepu ina faili. Haina kumbukumbu ya yaliyotokea baada ya faili kuandikwa. Fikiria mgonjwa aliyesajiliwa usiku wa dharura kama "Mwanaume Asiyejulikana", akapigwa eksirei, picha ikaingia tepu. Siku mbili baadaye ndugu zake wanafika, jina linapatikana, radiografa analisahihisha kwenye PACS. Sahihisho lile liliandikwa kwenye hifadhidata ya PACS. Kwenye tepu bado ni Mwanaume Asiyejulikana. Vivyo hivyo kwa mgonjwa aliyekuwa na namba mbili zikaunganishwa kuwa moja, na kwa eksirei ya mguu wa kushoto iliyowekwa alama ya kulia, ikafutwa na kurudiwa. Ukisoma tepu na kumwaga faili moja kwa moja kwenye PACS mpya, makosa yote yaliyosahihishwa kwa miaka kumi yatafufuka. Ile picha ya mguu wenye alama isiyo yake itarudi mezani kwa daktari kana kwamba ni halali.

Kwa hiyo kabla ya kugusa draivu, pata nakala kamili ya hifadhidata ya PACS ya zamani. Toa kutoka humo orodha yenye angalau haya: namba ya mgonjwa, jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya uchunguzi, aina ya kipimo, namba ya kipekee ya uchunguzi (kwenye DICOM, muundo wa kawaida wa faili za picha za hospitali, ni alama 0020,000D), idadi ya picha katika uchunguzi huo, na tepu ilimohifadhiwa. Toa pia orodha ya mabadiliko: waliounganishwa, waliobadilishwa majina, picha zilizofutwa.

Katika hospitali moja niliyoitwa kusaidia, seva ya zamani ilitolewa stoo pamoja na vitanda vibovu ikauzwa kama chuma chakavu. Tepu zilibaki kabatini, nzima kabisa. Tulilazimika kusoma kila faili ili kujua ni ya nani, na masahihisho ya miaka yote hatukuyapata tena. Ikiwa seva yako ya zamani bado ipo, hata kama haiwaki, toa diski zake leo, uziandike lebo, uzifungie kabatini na ufunguo ukae kwako.

Hatua ya 3: Draivu

Draivu za LTO hadi kizazi cha 7 husoma kizazi chao na viwili vya nyuma. LTO-5 inasoma 3, 4 na 5. LTO-4 inasoma 2, 3 na 4. Kuanzia LTO-8 mambo yamebadilika: inasoma 8 na 7 pekee. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "chukua hii mpya, inasoma zote", mwonyeshe daftari lako. Kwa tepu za LTO-3 utahitaji draivu ya LTO-3, 4 au 5, na siku hizi hizo utazipata zikiwa zimetumika. Nunua mbili kama bajeti inaruhusu. Sisemi hivi kwa uroho wa vifaa. Draivu kuukuu ikifa katikati ya kazi, kungoja nyingine kunaweza kula miezi.

Iunganishe na kompyuta kwa kadi ya kawaida ya SAS. Kadi nyingi za RAID, zile za kuziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, hazitaki draivu ya tepu, na utapoteza siku nzima ukidhani draivu ni mbovu. Tafuta pia tepu moja ya kusafishia, na uitumie draivu inapoiomba tu. Kila mtu ana hamu ya kusafisha. Kusafisha ovyo hukwaruza kichwa.

Hatua ya 4: Diski

Kwa terabaiti 36, seva yenye diski nane za terabaiti 8 katika mpango wa RAID 6 inatosha. Diski mbili kati ya nane huliwa na ulinzi, zinabaki terabaiti 48 za kuhifadhia. Kompyuta itakuonyesha kama 43.7, kwa sababu yenyewe inahesabu kwa 1,024. Usishtuke wala usigombane na muuzaji. RAID 6 huvumilia kufa kwa diski mbili kwa wakati mmoja, na hilo lina maana kubwa: diski zilizonunuliwa pamoja huzeeka pamoja, na kujenga upya diski ya terabaiti 8 huchukua saa nyingi ambamo nyingine inaweza kufuata. RAID 5, inayovumilia moja tu, nisingeikubali kwa kazi hii.

Stima inastahili maneno machache. Radi za ukanda wa Kakamega na Kisii wote tunazijua. Weka UPS inayoweza kuibeba seva hadi jenereta ishike, kinga ya radi kwenye laini ya umeme na ya mtandao pia, na umwite fundi apime waya wa ardhini kwa kipimo halisi.

Hatua ya 5: Kusoma

Soma tepu yote kwa mpangilio wake, kutoka mwanzo hadi mwisho, hadi kwenye diski ya muda. Usijaribu kuchomoa picha za mgonjwa huyu kisha yule. Utepe wa LTO-3 una urefu wa mita 680. Kila ukiruka, draivu inauviringisha mbele na nyuma, na tepu ya miaka kumi na tano haistahili mateso hayo. Diski ya muda nayo iwe na kasi. LTO-3 hutoa hadi megabaiti 80 kwa sekunde, na diski ikishindwa kumeza, utepe unasimama, unarudi nyuma, unaanza tena, na kila kusimama kunaukwaruza.

Kwenye Linux, draivu huonekana kwa majina mawili. /dev/st0 hurudisha tepu mwanzo kila amri inapoisha. Lakini /dev/nst0 huiacha ilipo. Tumia nst0. Anza hivi:

mt -f /dev/nst0 status
mt -f /dev/nst0 setblk 0
dd if=/dev/nst0 of=kipande.bin bs=1M count=1

Amri ya tatu inasoma kipande kimoja tu. Angalia ukubwa wa kipande.bin: hiyo ndiyo saizi ya vipande iliyotumika kuandika tepu, na utaihitaji. Ukiweka bs ndogo kuliko saizi hiyo, kompyuta itakujibu "Cannot allocate memory", na utakimbilia dukani kununua RAM. RAM haina kosa, ongeza bs. Kisha andika "file kipande.bin". Ikisema ni tar, shukuru Mungu, tepu itafunguka kwa programu yoyote. Ikisema "data" tu, huenda ni muundo wa pekee wa programu ya hifadhi iliyoandika tepu, na hapo itabidi kuifufua programu hiyo kwenye mashine ya zamani pamoja na leseni yake, au kulipa wataalamu wa kuusoma. Jua hili kwa tepu ya kwanza, kabla hujampa mkurugenzi tarehe ya kumaliza.

LTO-3 iliyojaa huchukua kama dakika 83 kwa kasi yake kamili. Kamili haipatikani. Panga tepu tatu kwa siku ya kazi. Tepu 90 ni wiki sita. Tepu ikikwama mahali, andika kwenye daftari imekwama wapi, itoe, ipumzike, ijaribu kwenye draivu ya pili. Nimeona tepu iliyokataa draivu moja mara nne ikasomeka yote kwenye nyingine.

Baada ya kila tepu, tengeneza cheksamu ya kila faili (alama inayobadilika faili ikibadilika) kwa sha256sum na uihifadhi kwa jina la tepu. Alama hizo ndizo utakazolinganisha nazo kila faili inapohama tena.

Hatua ya 6: Majina

Faili halali ya DICOM ina baiti 128 za mwanzo, kisha herufi nne: DICM. Pitisha kila faili kwenye dcmdump, programu ya bure ya kifurushi cha DCMTK, uchote namba ya mgonjwa (0010,0020), namba ya uchunguzi na namba ya picha (0008,0018). Sasa linganisha na orodha yako ya Hatua ya 2. Hapa ndipo Kiswahili chetu, Kijaluo chetu na Kikuyu chetu hukutana na kompyuta iliyotengenezwa mbali.

Chukua jina Achieng'. Kwenye mafaili tuliyokuta lilikuwa limeandikwa kwa namna nne: bila alama, kwa alama iliyonyooka, kwa alama iliyopinda, na kwa ile iliyo chini ya kitufe cha Esc. Ng'ang'a wa Nakuru ana alama mbili, kwa hiyo hesabu yake ni ndefu zaidi. Kwa lugha ya hifadhidata, alama hiyo ndiyo inayofunga maneno, na skripti iliyoandikwa kwa haraka hufia hapo hapo na kumruka mgonjwa kimya kimya. Andika skripti inayopokea jina kama thamani, na uijaribu kwa Ng'ang'a kabla ya kuijaribu kwa Otieno.

Mpangilio nao: DICOM hutaka jina la ukoo, kisha alama ^, kisha jina la kwanza. Wasajili wetu huandika walivyotajiwa. "Atieno Mary" na "Mary Atieno" wanaweza kuwa mtu mmoja, na wanaweza wasiwe. Kwa hiyo usiunganishe kwa jina pekee. Namba ya mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na jinsia zikubaliane, na zikitofautiana mtu wa kumbukumbu za wagonjwa akatafute faili la karatasi. Angalia hasa waliozaliwa tarehe 1 Januari, maana wengi wao waliwekewa tarehe hiyo kwa kuwa waliujua mwaka tu.

Na usifungue orodha hiyo kwenye programu ya majedwali. Mimi niliifungua. Ikakata sifuri za mbele, namba 004512 ikawa 4512, na hatukuona. Namba 4512 ilikuwa na mwenyewe. Picha za mtoto wa miaka sita zikaingia kwenye rekodi ya nyanya wa miaka sabini, na zingekaa huko kama radiografa asingefungua eksirei ya kiganja akaona mifupa ambayo bado ina nafasi za kukua. "Huyu si bibi," akasema, "huyu ni mtoto." Tulirudia kazi ya siku tatu. Fungua orodha kwa kihariri cha maandishi matupu, au uiambie programu kwamba safu ile ni maneno, si hesabu.

Hatua ya 7: Kutuma na kuhakiki

Tuma picha PACS mpya kwa storescu, programu nyingine ya DCMTK, usiku, saa mbili hadi saa kumi na mbili alfajiri. Mchana mtandao ni wa wagonjwa waliopo. Hakikisha PACS mpya haijawekwa kubana picha kwa njia inayopoteza ubora. Mipangilio mingine huja hivyo ili kuokoa nafasi. Kama hospitali haina PACS mpya bado, Orthanc ni ya bure, ilianzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège nchini Ubelgiji, na inaweza kuanza kazi kwenye kompyuta ya kawaida.

Kisha uhakiki wa aina tatu. Wa kwanza ni cheksamu, kwa faili zilizonakiliwa. Wa pili ni idadi: kila uchunguzi kwenye PACS uwe na picha zile zile ilizokuwa nazo kwenye hifadhidata ya zamani. CT ya kifua ya picha 312 ikifika na 311, itafute hiyo moja. Kipande kimoja cha CT ni takriban nusu megabaiti, kitu kidogo sana, na kivimbe cha yule mzee wa Ahero kilionekana kwenye vipande vitatu tu.

Uhakiki wa tatu ni macho, na huo usimwachie mtu wa IT. Kwa kila tepu, radiografa afungue uchunguzi wa mwanzo, wa katikati, wa mwisho, na angalau mmoja wa kila aina ya kipimo. Aangalie jina lililochomwa ndani ya picha ya ultrasaundi, kwa sababu hilo halibadiliki unapobadilisha jina la faili. Aangalie kushoto na kulia. Atie sahihi daftarini, karibu na namba ya tepu. Mpangieni muda wa kazi hiyo kwenye ratiba yake, msimwombe aifanye wakati wa chai.

Hatua ya 8: Nakala ya pili, na tepu zenyewe

RAID si nakala. Moto, mafuriko au kirusi cha kufunga faili na kudai pesa kitachukua diski zote nane kwa pamoja. Weka nakala nyingine jengo tofauti, iliyofungwa kwa nenosiri, na moja isiyounganishwa na mtandao kabisa. Kila baada ya miezi mitatu chagua mgonjwa mmoja, mrudishe kutoka kwenye nakala hiyo, umfungue kwenye skrini.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na taarifa hizo zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wagonjwa, hospitali ina saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data. Diski ya muda ya Hatua ya 5 imejaa majina ya watu. Ifute ipasavyo, isibebwe nyumbani kwenye begi.

Tepu zihifadhi hadi sahihi za radiografa zikamilike na nakala ya pili ijaribiwe. Mimi husubiri mwaka mzima. Ukifika wakati wa kuziharibu, zisagwe au zipitishwe kwenye sumaku kali, ambayo huua hata alama za kiwandani hivi kwamba kasha halitumiki tena. Kamati isimame pale ikishuhudia, namba za tepu ziandikwe. Zisiishie kwenye jaa la taka la Gioto, Nakuru, zikiokotwa na watoto, kila moja na maelfu ya wagonjwa ndani.

Draivu usiiuze. Kama ya kwetu, bado ina kazi Busia, Homa Bay na Kapsabet. Tepu za wagonjwa zisitoke hospitalini kwao. Draivu ndiyo isafiri, ndani ya sanduku lenye sponji, pamoja na kebo yake, kadi ya SAS, na karatasi yenye zile amri tatu.